Shahada ya Kirusi: naanzia wapi nikiwa Dodoma, na wapi watu huanguka?

Chausiku_HKL

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Niko Dodoma mjini, nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Ninachotaka ni Kirusi chenyewe, lugha na utamaduni wake, siyo udaktari au uhandisi unaofundishwa kwa Kirusi. Kila ninayemuuliza ananiambia "wewe nenda tu, mwaka wa kwanza watakufundisha lugha". Jibu hilo halijaniingia akilini.

Programu yenyewe inaitwaje rasmi kwenye fomu zao? Sarufi inabana wapi hasa kwa mtu aliyekulia kwenye Kiswahili? Na makaratasi yanaanzia ofisi gani, maana ubalozi uko Dar na mimi niko huku? Mwenye kujua hata kipengele kimoja kwa undani anisaidie.

---

Mkalimani_Ihumwa

Marahaba mdogo wangu. Nianze na jina la programu, kwa sababu hapo mtu anaweza kupoteza mwaka mzima kwa kubonyeza sehemu moja vibaya.

Vyuo vya Urusi hupanga shahada kwa namba. Namba 45.03.01 ni Филология, filolojia, miaka minne. Hiyo ndiyo yako: lugha, fasihi, historia ya lugha. Ndani yake tafuta mkondo wa русский язык как иностранный, unaofupishwa РКИ, yaani Kirusi kama lugha ya kigeni. Namba 45.03.02 ni Лингвистика. Mtu wa HKL akiona neno hilo anasema "hii ni isimu, ndiyo yenyewe". Kumbe kwa kawaida programu hiyo imetengenezwa kwa Warusi wanaosomea lugha mbili za kigeni, tuseme Kiingereza na Kijerumani, na Kirusi kinachukuliwa kuwa kila aliyekaa darasani alizaliwa nacho. Mgeni anajikuta anafundishwa Kijerumani kwa Kirusi ambacho bado hakijamkaa mdomoni. Namba 44.03.01 ni ualimu, nzuri kama lengo ni kufundisha. Namba 45.05.01 ni tafsiri na ukalimani, inachukua miaka mitano, na kwa mtu anayeanza kutoka sifuri ni mlima mkali.

Kabla ya hapo kuna mwaka wa maandalizi, подготовительный факультет, wanafunzi wanauita "podfak". Wa mkondo wa sanaa husoma Kirusi pamoja na fasihi, historia na masomo ya jamii. Ili uingie mwaka wa kwanza unatakiwa uwe umefika ngazi ya kwanza ya ТРКИ, mtihani wa Kirusi kwa wageni, sawa na B1 kwenye ngazi za lugha za Ulaya (A1 ndiyo ya chini kabisa, kisha A2, kisha B1). Mtihani una karatasi tano: msamiati na sarufi, kusoma, kusikiliza, kuandika, kuzungumza. Kufaulu kwa kawaida ni asilimia 66 kwenye kila karatasi, kwa hiyo mtu mwenye 90 kwenye sarufi na 50 kwenye kusikiliza bado hajafaulu. Atarudia hiyo ya kusikiliza.

Sasa hesabu inayowafanya nikatae lile jibu la "nenda tu". Msamiati unaotakiwa ni maneno 780 kwa A1, 1,300 kwa A2 na 2,300 kwa B1. Masomo yanaanza Septemba mosi. Ukifika siku hiyo una kama wiki 38 za darasa, yaani maneno 60 kila wiki. Ukifika katikati ya Novemba kwa sababu mwaliko wa viza ulichelewa (na huchelewa), zimebaki wiki 28 hivi, na kila wiki inadai maneno 82. Wenzako wako kwenye vitenzi, wewe uko kwenye herufi. Hapo mtu hafeli kwa sababu hana akili, anafeli kwa kalenda.

Kalenda hiyohiyo ina upande mzuri. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai. Dirisha la ufadhili wa serikali ya Urusi kwa kawaida hufunguliwa kuelekea mwisho wa mwaka, kwa ajili ya Septemba ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo una karibu mwaka mzima ukiwa hapahapa Dodoma. Maneno kumi kwa siku, siku sita za wiki: wiki ya 13 una 780, wiki ya 22 umefika 1,300. Ukipanda ndege na A2 mkononi, hata wakikuchelewesha miezi miwili hakuna kitakachoharibika.

Na kama nje haitawezekana mara moja, fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, cha mwaka huu uone chuo gani kina lugha gani; usitumie cha mwaka jana. Unaweza kusoma shahada ya lugha hapa nchini, Kirusi ukakijenga pembeni (Kituo cha Utamaduni cha Urusi kule Dar hufundisha), kisha ukaenda kuchukua uzamili wa filolojia, ambao ni miaka miwili.

---

Nkuhungu55

Ya programu yamesemwa. Mimi nije kwenye sarufi, maana vitabu vingi vya Kirusi vimeandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza na vinamtisha Mswahili kwa mambo yasiyomhusu, halafu vinamnyamazia palepale atakapojikwaa.

Kirusi hakina a/the. Sisi pia hatuna. Kirusi kwa wakati uliopo hakisemi "ni": я студентка, mimi mwanafunzi, basi. Jinsia tatu za majina nazo zinawatoa jasho Waingereza, lakini mtu wa ngeli hapaswi hata kushtuka. Linganisha:

nyumba yangu mpya: мой новый дом
kitabu changu kipya: моя новая книга
dirisha langu jipya: моё новое окно

Ni upatanisho uleule, tofauti ni kwamba sisi tunabadilisha kichwa cha neno na wao wanabadilisha mkia. Jina likiishia konsonanti ni la kiume, likiishia -а au -я la kike, -о au -е si la kiume wala la kike. Yanayoishia ь ndiyo ya kukariri moja moja: день (siku) ni ya kiume, ночь (usiku) ni ya kike. Kwa hiyo kwenye daftari lako usiandike jina peke yake. Andika pamoja na "yangu" yake, моя ночь, мой день, kama tunavyojua ngeli kwa kusikia "changu" au "langu".

Pagumu ni падежи, hali sita za jina. Mswahili anayo mbegu yake bila kujua: kiambishi -ni. Tunasema naenda shuleni, niko shuleni, natoka shuleni. Neno moja, kazi tatu, kitenzi ndicho kinachotofautisha. Mrusi anazitenganisha kwenye jina lenyewe:

naenda shuleni: иду в школу
niko shuleni: я в школе
natoka shuleni: иду из школы

Na mji wetu nao hausalimiki: еду в Додому, живу в Додоме, я из Додомы. Kosa la Mswahili kwenye mtihani ni hilihili, "живу в школу", kwa sababu kichwani -ni ni moja tu. Dawa yake: usikariri jedwali la hali sita kwa mkupuo. Chukua maswali matatu, куда (kwenda wapi), где (uko wapi), откуда (kutoka wapi), uyapitishe kwenye maneno 50 ya mahali mpaka mdomo ujibu kabla ya kichwa. Sokoni, hospitalini, stendi, kazini. Jedwali utalielewa baadaye, likiwa limeshakaa.

Vitenzi vya mwendo ni ukurasa mwingine. "Naenda" yetu haijali miguu wala gari. Yao inajali sana, tena inauliza kama ni sasa hivi au ni kawaida yako. Unatembea kuelekea soko la Majengo sasa hivi: иду. Umo kwenye treni kwenda Dar: еду. Huenda sokoni kila siku kwa miguu: хожу. Huenda Dar kila mwezi kwa treni: езжу. Ukimwambia mwalimu иду в Москву atauliza kwa utani umechukua siku ngapi na viatu vimebaki vingapi.

Kisha vitenzi viwiliviwili. Karibu kila kitenzi kina pacha: читать na прочитать. Я читала книгу, nilikuwa nikisoma kitabu au nimewahi kukisoma, mwisho haujulikani. Я прочитала книгу, nimekisoma nikakimaliza. Wakati ujao ndipo watu wanapochanganya: буду читать ni sawa, прочитаю ni sawa, lakini "буду прочитать" haipo duniani. Kariri pacha wote wawili siku ileile.

Hesabu: 1 студент, 2 студента, 5 студентов. Kuanzia 2 mpaka 4 ni mkia mmoja, 5 mpaka 20 ni mwingine, ukifika 21 unarudi mwanzo, 21 студент. Fedha nazo hivyohivyo: рубль, рубля, рублей. Haina falsafa, ni mazoezi tu.

Kuhusu matamshi nitasema manne, na mkazo ndio mkubwa kuliko yote. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu sikuzote, na ulimi wetu unalipeleka hilo kila mahali. Kirusi kinakaza popote, na o isiyokazwa hugeuka kuwa a: молоко (maziwa) ni malakó, хорошо (vizuri) ni kharashó. Ukikosea mkazo unaweza kubadilisha neno zima: за́мок ni ngome, замо́к ni kufuli. Magazeti na riwaya haviweki alama ya mkazo, kwa hiyo neno jipya lisiingie daftarini bila alama hiyo.

La pili ni kuchomeka irabu. Взгляд inakuwa "vizigiliadi". Anza nyuma kurudi mbele: ляд, гляд, згляд, взгляд. Na здравствуйте ile в ya kwanza haitamkwi, usijitese nayo. La tatu, konsonanti za mwisho hupoteza sauti: хлеб inasikika khlep, друг druk, na zabibu zetu, виноград, vinagrát. La nne ni konsonanti laini. Ny ya "nyama" ndiyo n laini, hiyo unayo bure. Kazi ni kulainisha t, l, s kwa namna hiyohiyo, maana брат ni kaka na брать ni kuchukua, угол ni kona na уголь ni makaa. Huku kwetu kuna wanaochanganya r na l pia. Mwenye tabia hiyo afanye mazoezi ya рак na лак kila asubuhi, la sivyo ugonjwa wa saratani utakuwa vanishi ya mbao.

---

Chausiku_HKL

Asante sana, kaka zangu au dada zangu, sijui! Hiyo ya shuleni imenifungua macho. Maswali madogo: herufi nijifunze kwa muda gani, na kuna kamusi ya Kiswahili na Kirusi moja kwa moja, au lazima nipitie Kiingereza?

---

Nkuhungu55

Herufi ni 33. Zipange kwa urafiki wake na zetu. А, К, М, О, Т ni ndugu, siku ya kwanza umezimaliza. Kisha matapeli: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s, У ni u, Х ni kh ya "kheri". Hizo zipe siku tatu nzima, kwa sababu jicho litakudanganya. Ресторан mtu anasoma "pektopah". Zinazobaki ni za sura mpya, na sura mpya haidanganyi. Ы peke yake ndiyo isiyo na jamaa kwetu: weka ulimi kama wa "u", midomo kama ya "i". Быть ni kuwa, бить ni kupiga, kwa hiyo usiidharau. Siku 10 mpaka 14, nusu saa kwa siku. Anza kwa kusoma majina unayoyajua: Додома, Сингида, Танзания.

Kwenye simu ongeza kibodi ya Kirusi siku ya kwanza. Kuandika Kirusi kwa herufi zetu, "privet kak dela", ni deni utakalolipa na riba. Mwandiko wa mkono unaweza kusubiri mpaka mwezi wa pili.

Kamusi ya Kiswahili na Kirusi ipo. Ile iliyohaririwa na Olderogge ilitoka Moscow mwaka 1961, na Kiswahili kimefundishwa kwa miongo mingi katika Taasisi ya Nchi za Asia na Afrika ya Chuo Kikuu cha Moscow. Ila kamusi hizo zilitengenezwa kwa ajili ya Mrusi anayesoma Kiswahili, kwa hiyo hazikuonyeshi mkia wala pacha wa kitenzi kama unavyohitaji. Kwa kazi ya kila siku utapitia Kiingereza.

---

Makole_Barua

Napingana kidogo na Nkuhungu kuhusu mwandiko. Usisubiri mwezi wa pili. Walimu wa podfak huandika ubaoni kwa mwandiko wa kuunganisha tangu wiki ya kwanza, na kazi ya nyumbani inatakiwa hivyohivyo. Kwa mkono т inafanana na m yetu, д na g, и na u, п na n. Mtu aliyezoea chapa ya simu anaangalia ubao kama anaangalia mawimbi ya bahari. Herufi moja ya chapa na moja ya mkono, siku hiyohiyo.

Nakubaliana naye kuhusu kibodi, na naongeza onyo: а, е, о, р, с, х za Kirusi na za kwetu zinafanana kwa sura lakini kompyuta inaziona tofauti. Ukiandika neno la Kirusi ukachomeka "o" ya kwetu, kamusi ya mtandaoni itakuambia neno halipo, na fomu ya maombi inaweza kukataa jina lako bila kukueleza kwa nini.

Sasa makaratasi. Kabla ya ofisi yoyote, weka mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya NECTA na pasipoti, usome jina herufi kwa herufi. Kama cheti kimoja kina Mwajuma na kingine Mwajabu, au jina la babu liko hapa na pale halipo, malizana nalo sasa kwa kiapo au hati ya kubadili jina na kwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, maana tofauti hiyo ikishatafsiriwa Kirusi inazaa tofauti ya pili. Jina kama Mwaluko mtafsiri mmoja ataliandika Мвалуко, mwingine Муалуко. Kwa Mrusi wa dawati hao ni watu wawili. Chagua umbo moja, ikiwezekana lile litakaloonekana kwenye viza, umpe kila mtafsiri kwa maandishi. Na fomu zina kisanduku cha отчество, jina la Kirusi litokanalo na la baba. Sisi hatuna kitu hicho. Majina yako yafuate mpangilio wa pasipoti, kisanduku hicho kiache wazi kila mahali.

Pasipoti iwe na uhai wa angalau mwaka mmoja na nusu kuanzia viza inapoanza. Uhamiaji iko hapahapa Dodoma, huna sababu ya kuiacha mpaka mwisho. Kwa wanaokwenda kusoma nje, TCU hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi, omba mapema. Kisha kiulize chuo kwa barua kama kinataka vyeti vihalalishwe kwa njia ya ubalozi. Kikisema ndiyo, vinapita Wizara ya Mambo ya Nje, iliyoko Mji wa Serikali Mtumba, ndipo viende ubalozini Dar. Watu wa mkoani hukosea mpangilio: wanapanda treni mpaka ubalozini kwanza, wanarudishwa Mtumba, wanapanda tena. Cheti cha afya chenye kipimo cha VVU kichukue mwishoni, kwa sababu kikikaa muda mrefu kinapoteza uhalali wakati mengine bado yanasubiri.

Maombi ya ufadhili hufanywa mtandaoni, kwenye mfumo wa Rossotrudnichestvo, wakala wa serikali ya Urusi wa ushirikiano na nchi za nje, na unaruhusiwa kuorodhesha vyuo hadi sita. Usijaze Moscow na St Petersburg pekee. Ufadhili unalipa ada, pamoja na ya podfak, na posho ndogo. Nauli, bima ya afya na sehemu kubwa ya chakula ni juu yako. Bweni lina ada yake, si kubwa.

Ukishatua: utapewa миграционная карта uwanjani, kikaratasi kidogo, usikipoteze. Peleka pasipoti na karatasi hiyo ofisi ya wageni ya chuo siku ileile, kwa sababu usajili wa makazi una ukomo wa siku saba za kazi. Alama za vidole na vipimo vya afya navyo vina ukomo wake wa siku, viulizie ofisi hiyohiyo mapema. Viza ya kwanza ni fupi, huongezwa ukiwa kulekule. Usisubiri wiki ya mwisho, peleka pasipoti kama siku 45 kabla.

Na pesa. Tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi kule, hivyo kadi ya benki yako ya hapa itakuwa plastiki tu. Beba taslimu za kukutosha wiki za mwanzo, ufungue akaunti kule upate kadi ya Mir, ambayo ni ya mfumo wao wenyewe. La mwisho, na hili nalisema kwa uzito: usisaini mkataba wowote wa Kirusi ambao hujausoma ukauelewa, hasa wa kazi yenye mshahara unaozidi akili, au wowote wenye harufu ya jeshi. Mwanafunzi husaini mkataba wa masomo na wa bweni. Ukiletewa wa tatu, uliza.

---

Bibi_Kalamu

Wanangu mmeongea sarufi na mihuri, utamaduni mmeuacha mlangoni. Na ndani ya filolojia utamaduni unapewa alama, si mapambo.

Binti, mwalimu kule haitwi "mwalimu" wala "madamu". Anaitwa kwa jina lake na la baba yake: Анна Сергеевна ni Anna binti Sergei, Иван Петрович ni Ivan bin Pyotr. Mswahili wa "binti" na "bin" asipate taabu hapo. Jua hayo mawili ya kila mwalimu wiki ya kwanza. Wewe unamwita вы. Ты ni ya rafiki, mtoto na ndugu. Kumwambia profesa ты ni kama kuingia kwa mkwe bila hodi.

Jina hilohilo lina watoto wake. Александр ni Саша, Мария ni Маша, Дмитрий ni Дима. Kwenye riwaya mtu mmoja ataitwa kwa majina matatu ndani ya ukurasa mmoja, na msomaji mgeni anadhani ukumbini wameingia watu watatu. Weka karatasi ya majina ndani ya kitabu. Na Саша anaweza kuwa mwanamume au mwanamke.

Historia usiisome yote kwa pamoja. Shika miaka michache ambayo fasihi yao inaizunguka: 1861 wakulima walipotolewa kwenye utwana, 1917 mapinduzi, 1941 hadi 1945 vita, 1991 Muungano wa Kisovieti ulipovunjika. Bila 1861 huwezi kuelewa kwa nini karne ya 19 wanabishana hivyo juu ya shamba na bwana. Pushkin alizaliwa 1799 akafa 1837. Babu wa mama yake, Abram Gannibal, alikuwa Mwafrika aliyelelewa kwenye jumba la Peter Mkuu, na Pushkin mwenyewe hakulificha. Siku ya kuzaliwa kwake, Juni 6, ndiyo Siku ya Lugha ya Kirusi, mwezi mmoja na siku moja kabla ya Siku ya Kiswahili Duniani.

Darasani: kipindi kinaitwa пара, dakika 90. Alama ni 5, 4, 3, na 2 ni kufeli, 1 haionekani. Somo lingine lina зачёт, umepita au hujapita, na usipopita huruhusiwi kuingia kwenye mitihani ya Januari au Juni. Kiranja wa kundi ni староста. Habari zote za ratiba hupitia kwake, kaa naye vizuri.

Saa sasa. Moscow na Dodoma saa zenu ni sawa mwaka mzima, ni raha kwa masomo ya mtandaoni. Lakini Mrusi akisema половина седьмого, "nusu ya la saba", anamaanisha saa kumi na mbili na nusu yetu, yaani 6:30. Mswahili akisikia "saba" anawaza saa saba mchana, anakosa kipindi. Na ukialikwa nyumbani, viatu vinabaki mlangoni kama kwetu, na maua yawe idadi ya witiri. Idadi shufwa ni ya msibani.

---

Mlimwa_Kusini

Fupi kuhusu kazi, kwa sababu mzazi atauliza. Kirusi ni moja ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa. Hapa nchini kinaulizwa zaidi kwenye utalii, Zanzibar hasa, na kwenye miradi kama ya urani ya Mkuju kule Namtumbo yenye mkono wa Rosatom, shirika la nyuklia la Urusi. Kwetu huku michoro ya mapangoni ya Kondoa iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2006, na kuongoza wageni kwa Kirusi huhitaji lugha pamoja na leseni ya uongozaji. Lugha peke yake ni nusu ya mkate. Iunganishe na ualimu, utalii au tafsiri tangu mwaka wa pili.

---

Chausiku_HKL

Nimejaribu na kibodi mpya, nisahihishieni: Меня зовут Чаусику. Я живу в Додома. Вчера я читал две книги.

---

Nkuhungu55

Herufi zote ni safi, hakuna ya kwetu iliyojipenyeza. Две книги umepatia, na hapo wengi huanguka. Makosa ni mawili. Uko Dodoma, huendi wala hutoki: в Додоме. Na читал ni ya mwanamume. Umenakili mfano ulioandikwa na mwanamume, kosa la kila binti anayeanza, kwa sababu "nilisoma" yetu haijui nani ni nani. Wewe ni читала. Kama vitabu vyote viwili umevimaliza, basi прочитала.